Seli ya jua ya nanomita 205 inanasaje mwanga? Jibu kwa mwanafunzi wa fizikia

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasoma fizikia, na natafuta mada ya mradi. Nimesoma kwamba kuna seli ya jua yenye unene wa nanomita 205 tu, na bado inatoa umeme wa maana kwa sababu ya maumbile ya nano yanayonasa mwanga. Kitu chembamba hivyo, mwanga si unapita tu kama kwenye kioo cha dirisha? Na kunasa maana yake nini, ikiwa mwanga hausimami? Wenzangu wananishauri nipake chembe za nano za fedha juu ya seli. Ndiyo njia?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza "kunasa maana yake nini" kabla ya "nipake nini". Wengi huanza na la pili, na mradi unakwama mapema.

Ni kweli mwanga hausimami, na hakuna anayeushika. Tunachofanya ni kuurefushia safari. Unaingia kwenye tabaka jembamba, unahangaika humo huku na huko bila kupata pa kutokea, na katika kuhangaika huko unafyonzwa.

Kwanza tuone kwa nini safari fupi haitoshi. Chukua silikoni, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye mapaa. Mwanga wa zambarau wa nanomita 400 ukiingia humo haufiki mbali: ndani ya sehemu moja ya kumi ya maikromita, karibu theluthi mbili yake imekwisha kufyonzwa. Mwanga wa rangi ya chungwa, nanomita 600, unahitaji maikromita mbili na zaidi. Ukivuka nyekundu hadi nanomita 800, unahitaji kama 12. Kwenye nanomita 1000 unahitaji zaidi ya maikromita 150, na kwenye 1100, ambako ndiko mwisho wa uwezo wa silikoni, unazungumzia milimita nzima. Sababu ni kwamba elektroni ya silikoni hairuki kwa nishati ya fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, peke yake. Inahitaji pia msukumo kutoka kwenye mtikisiko wa atomi, na viwili hivyo lazima vikutane kwa wakati mmoja. Mara nyingi havikutani, na fotoni inapita zake. Galiamu asenaidi, nyenzo nyingine ya seli za jua na ndiyo ya seli uliyoisoma, haina masharti hayo, ndiyo maana maikromita moja au mbili zinatosha kumaliza karibu mwanga wote inaouweza. Lakini wewe umeuliza kuhusu nanomita 205, yaani sehemu ya tano ya maikromita. Hapo hata galiamu asenaidi inaacha mwanga mwingi upite, hasa ule mwekundu wa mwisho. Kwa hiyo wasiwasi wako ni wa haki: tabaka hilo likiachwa bapa, bila kitu nyuma yake, linavuja.

Sasa nikupe picha moja, kisha turudi kwenye hesabu. Kama umewahi kuzamia baharini siku maji yametulia, ukageuka chali na kutazama juu, umeshaiona sehemu kubwa ya fizikia hii. Anga, mashua na minazi ya ufukweni vyote vinaonekana vimekusanyika ndani ya duara moja juu yako. Nje ya duara hilo uso wa maji umegeuka kioo, na unachokiona ni mchanga na nyasi za chini vikiakisiwa. Ukingo wa duara uko nyuzi 48 na ushei kutoka wima. Mwanga unaopanda kutoka chini ukigonga uso ndani ya duara, sehemu kubwa hupita na kutoka hewani. Ukigonga kwa mshazari kupita kiwango hicho, unarudishwa wote chini.

Upana wa duara unategemea jinsi kitu kinavyoupunguzia mwanga mwendo. Kwa maji kipimo hicho, tukiite n, ni 1.33. Kwa silikoni kwenye mwanga wa karibu na infraredi ni 3.5 hivi, na duara linasinyaa hadi nyuzi 16 na nusu kutoka wima. Mlango wa kutokea umekuwa mdogo sana. Ila mwanga wa jua ukiingia wima kwenye tabaka bapa, unagonga kioo cha nyuma, unarudi wima vilevile, na unaukuta mlango huo huo uko wazi mbele yake. Umepita mara mbili tu, basi. Kazi ya kwanza ya umbile lolote la kunasa mwanga ni kuuvunjia mwanga huo mstari wake, uende mshazari, nje ya duara.

Hesabu ya kiasi gani tunaweza kufaidi ilichapishwa na Eli Yablonovitch mwaka 1982, na ningependa uifanye mwenyewe kwa kalamu kwa sababu ni fupi na ni nzuri. Chukua tabaka la unene W, uso wake umekwaruzwa kiasi kwamba mwanga ukiingia unatawanyika pande zote bila upendeleo, na nyuma kuna kioo kamili. Kwa sababu mwanga sasa unakwenda mshazari, wastani wa njia yake kutoka juu hadi chini si W bali 2W. Kwenda na kurudi ni 4W. Ukifika juu, sehemu ya mwanga iliyo ndani ya duara la kutokea ni moja kwa n mraba. Kwa silikoni, n mraba ni kama 12, kwa hiyo kila mara mwanga unapofika juu, sehemu moja tu kati ya 12 inatoka na nyingine zote zinarudi kazini. Wastani wa safari za kwenda na kurudi basi ni 12, kila moja ya 4W, na jibu ni 4 mara n mraba: karibu 50. Maikromita mbili za silikoni zinaufanyia mwanga hafifu wa infraredi kazi ya maikromita 100. Mimi nilipoielewa hesabu hii mara ya kwanza nililala nikiifikiria.

Kwenye seli nene za kawaida, ukwaruzaji huo unafanywa kwa njia rahisi ya kushangaza. Kipande cha silikoni kilichong'arishwa kinameta kama kioo cha kujitazamia, na kinarudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga kabla hata haujaingia. Kitie kwenye alkali ya moto, kama potasiamu haidroksaidi, na baada ya muda kinatoka kijivu kilichofifia. Kiangalie kwa hadubini: uso umekuwa uwanja wa piramidi zilizosongamana, na kila ubavu umeinama nyuzi 54.7, kwa sababu alkali inakula mielekeo mingine ya fuwele haraka na kuuacha huo. Hakuna aliyezichonga moja moja. Zikitiwa na utando wa kuzuia mwakisiko, seli inakuwa na ule weusi wa samawati unaoujua. Lakini piramidi hizo zina kimo cha maikromita kadhaa. Tabaka lako lina 0.2. Huwezi kuchimba shimo la mita tano kwenye ukuta wa sentimita 20.

Kabla ya kufika huko kwenye nanomita 205 kuna kituo ambacho vijana wengi hawakijui, nacho kimepita hapa hapa kwetu. Paneli ndogo za wati kumi na kitu zilizouzwa kwa wingi Kenya miaka ya 1990, za kuwashia taa na televisheni ya betri, nyingi zilikuwa za silikoni isiyo na fuwele, tabaka lake likiwa sehemu ndogo tu ya maikromita. Silikoni ya aina hiyo ina ugonjwa ulioelezwa na Staebler na Wronski mwaka 1977: mwanga wenyewe unaizalishia kasoro ndani, na nguvu yake inashuka katika miezi ya mwanzo. Tabaka likiwa jembamba, elektroni hazisafiri mbali na madhara yanapungua. Kwa hiyo wembamba ulikuwa dawa, lakini tabaka jembamba linapoteza mwanga. Suluhisho la teknolojia hiyo likawa kuiacha silikoni ilivyo na kukikwaruza kipitishi angavu cha umeme kilichoko kati ya kioo na silikoni, oksidi ya bati, kiwe na chembe za nanomita mia kadhaa. Ukishika kioo cha namna hiyo kabla hakijawekwa silikoni na kukielekeza kwenye taa, unaona kina ukungu mweupe mwepesi, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukungu huo ndio mwanga unaotupwa mshazari. Kunasa mwanga kwa maumbile madogo, basi, si ndoto ya maabara. Kumeshafika hadi juu ya mabati ya vijijini.

Sasa seli uliyoisoma. Ilichapishwa mwaka 2019 na watafiti wa C2N, maabara ya CNRS, shirika la taifa la utafiti la Ufaransa, pamoja na Fraunhofer ISE, taasisi ya nishati ya jua ya Ujerumani. Tabaka la galiamu asenaidi ni nanomita 205, na ufanisi ni asilimia 19.9. Seli bora kabisa za galiamu asenaidi, zenye unene wa mara kadhaa ya huo, zimevuka asilimia 29, kwa hiyo nyembamba hii haijazishinda. Ila imetoa theluthi mbili ya ufanisi kwa sehemu ndogo mno ya nyenzo.

Katika unene huo ile picha ya mistari ya mwanga inayodundadunda inaanza kupwaya. Mwanga wa nanomita 850 ukiwa ndani ya galiamu asenaidi una wimbi la nanomita 230 hivi, yaani tabaka zima halitoshi hata wimbi moja. Lazima ufikiri kwa mawimbi: tabaka linaruhusu njia chache tu ambazo mwanga unaweza kusafiri kwa ubavu, kama mawimbi ya maji ndani ya mfereji, na kazi yetu ni kuulainishia mwanga wa kutoka nje uingie kwenye njia hizo. Wao waliweka nyuma ya seli kioo cha fedha chenye mabonde na vilima vinavyojirudia kila nanomita 700. Namba hiyo haikuokotwa. Mwanga wa 850 ukirudishwa na wavu huo, yaani umbile linalojirudia kila nanomita 700, unagawanyika matawi, na tawi lake la kwanza linakwenda kwa pembe ambayo sine yake ni 850 gawanya kwa zao la 700 na 3.65, hiyo ikiwa n ya galiamu asenaidi. Piga hesabu: kama nyuzi 19. Duara la kutokea la galiamu asenaidi linaishia nyuzi 16. Mwanga umetupwa nje ya mlango, kwa kiasi kidogo lakini kinatosha. Na kwa kuwa wimbi la 850 ni refu kuliko 700, tawi hilo haliwezi kabisa kutokea hewani. Kwa mwanga unaoingia wima na wenye wimbi refu kuliko nanomita 700, yaani ule hasa ambao tabaka jembamba linaushindwa, mtego umefungwa. Rangi za bluu hazihitaji msaada, zinamalizwa na pito la kwanza.

Lakini kuna jambo moja kwenye seli hiyo ninaloliona kubwa kuliko hesabu ya pembe. Galiamu asenaidi yenyewe haikukwaruzwa hata kidogo. Iko bapa, imefunikwa pande zote mbili na matabaka yanayolinda elektroni. Vilima viliundwa kwenye oksidi ya titani kwa kugonga mhuri, kisha vikafunikwa kwa fedha, nje ya sehemu inayozalisha umeme. Mwanga unaona vilima, elektroni inaona uwanja wa tambarare.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka mingi nyuma nilitumia miezi kutengeneza msitu wa nguzo ndogo za silikoni, kila moja nyembamba kuliko nanomita 200. Sampuli ilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Ukiielekeza kwenye dirisha huoni hata kivuli cha dirisha. Kipimo cha mwakisiko kilionyesha karibu sifuri. Nikaifanya seli, nikaiweka chini ya taa, na mkondo ukatoka chini ya ule wa kipande bapa nilichokiweka pembeni kwa kulinganisha. Mwanga ulikuwa umeingia wote. Elektroni ndizo zilizokufa njiani. Kila nguzo ina ubavu, na kwenye ubavu kuna atomi zilizokatwa ambazo mikono yao inaning'inia bila mshirika. Elektroni ikifika hapo inanaswa na kuishia joto. Mimi nilikuwa nimeongeza uso mara nyingi, na kwa kufanya hivyo nimeongeza makaburi ya elektroni mara hizo hizo.

Silikoni nyeusi inaweza kuokolewa, na ushahidi upo. Kundi la Hele Savin wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, pamoja na wenzao wa Barcelona, mwaka 2015 walionyesha seli ya silikoni nyeusi yenye ufanisi wa asilimia 22.1. Waliufunika uso wote wa sindano hizo kwa utando wa oksidi ya alumini uliowekwa tabaka kwa tabaka la atomi, ukaingia hadi kwenye mashina, na mawasiliano ya umeme wakayahamishia yote nyuma. Lakini ile ni silikoni nene na maabara yenye mashine hiyo ya kuweka atomi. Kwa tabaka jembamba na kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja, ushauri wangu hauna kona: usiikate nyenzo inayozalisha umeme. Weka umbile nyuma yake, au chini yake.

Nije kwenye chembe za fedha. Wazo lina fizikia ya kweli: elektroni za fedha zikitikiswa na mwanga zinayumba kwa pamoja, na chembe moja inaweza kutawanya mwanga kutoka eneo kubwa kuliko mwili wake, tena zaidi kuelekea upande wenye n kubwa, yaani ndani ya seli. Harry Atwater na Albert Polman waliliandika vizuri mwaka 2010 na dunia ikachangamka. Tatizo ni kwamba chembe hiyo hiyo pia inafyonza mwanga na kuugeuza joto lake yenyewe. Utawanyaji hukua kwa mraba wa ujazo wa chembe, ufyonzaji hukua kwa ujazo tu, kwa hiyo chembe za nanomita 20 zinazouzwa kwenye chupa ni nzuri kwa kula mwanga na dhaifu kwa kuutawanya. Unahitaji za nanomita 100 au zaidi. Na hata hizo, zikikaa mbele, kwenye rangi ya bluu mwanga uliotawanywa na ule uliopita moja kwa moja huharibiana, na seli inapoteza sehemu ya bluu ambayo ingeipata bila msaada wowote. Ukiona ripoti inayosema chembe za fedha mbele ziliongeza mkondo kwa kiasi kikubwa, angalia kama seli ya kulinganishia ilikuwa na utando wa kuzuia mwakisiko. Mara nyingi haikuwa nao, na utando wa kawaida ungefanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Fedha mahali pake ni nyuma.

Je, umbile liwe la mpangilio au la ovyo? Wavu wa mpangilio unafanya kazi vizuri kwenye mawimbi machache uliyoyalenga. Uovyo kamili unagusa mawimbi yote lakini unapoteza nguvu kwenye pembe zisizo na faida, zikiwemo zile za mlangoni. Katikati kuna uovyo uliopangwa, ambao matuta yake hayajirudii lakini hayaachi mapengo wala msongamano. Kundi la AMOLF, taasisi ya utafiti ya Uholanzi, pamoja na vyuo vikuu vya Surrey na Imperial College vya Uingereza, lilionyesha silikoni ya maikromita moja yenye umbile la aina hiyo ikifyonza zaidi ya asilimia 65 ya mwanga wa jua kati ya nanomita 400 na 1050. Kwa silikoni, na kwa maikromita moja, hiyo ni kubwa sana. Rudia namba nilizokupa mwanzoni uone.

Hukuuliza kama haya yatashusha bei ya paneli, lakini mtu atakuuliza siku ya kutetea mradi, kwa hiyo uwe na jibu. Kwa paneli ya kawaida ya juu ya paa, sidhani. Silikoni nene imekuwa rahisi mno, na kioo, fremu, nyaya na fundi havipungui kwa kuwa seli imekuwa nyembamba. Faida iko kwingine: kwenye nyenzo adimu kama indiamu na teluriamu, kwenye seli za satelaiti, ambako tabaka jembamba linastahimili mionzi kwa sababu elektroni haina safari ndefu ya kuharibiwa, na kwenye seli za ghorofa, yaani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mwaka 2023 Fraunhofer ISE na AMOLF walifikisha asilimia 36.1 kwa seli ya ghorofa tatu ambayo ghorofa yake ya chini ni silikoni, na moja ya siri zake ilikuwa wavu wa nano uliogongwa mhuri mgongoni.

Sasa mradi. Huna mashine ya kuchora nanomita 700, lakini pengine una DVD ya zamani ya kurekodia (DVD-R) nyumbani. Mifereji yake imepangwa kila nanomita 740. Angalia jinsi ilivyo karibu na ile 700 ya wenzetu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitumia diski ya Blu-ray kama mhuri wa kutengenezea seli ya polima, na ufyonzaji wa mwanga ukapanda kwa asilimia 21.8, kwa sababu data iliyoandikwa juu ya diski ilikuwa na ule uovyo uliopangwa niliokueleza.

Anza hivi. Elekeza leza nyekundu ya nanomita 650 wima juu ya DVD, upime pembe ya doa la pembeni. Linapaswa kuwa kama nyuzi 61. Ukipata hivyo, unajua wavu wako ni nini. Kisha ingiza wembe kwenye ukingo, utenganishe sahani mbili, osha rangi kwa spiriti, mimina juu yake mpira wa silikoni wa majimaji (jina linafanana, lakini si silikoni ya seli) na uuache ugande. Huo ndio mhuri wako. Gonga kwa huo kwenye gundi inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno juu ya kioo, paka alumini au fedha kwa mvuke, na juu yake tabaka jembamba la polima inayofyonza mwanga. Tengeneza na pacha wake bapa: metali ile ile, unene ule ule, siku ile ile. Bila pacha huna mradi.

Pima ukitumia tufe la kukusanya mwanga, si kipimo cha mwakisiko wa wima peke yake, la sivyo mwanga uliotupwa pembeni utauhesabu kuwa umefyonzwa na utajidanganya. Pima pia wavu wenye metali bila polima, ujue metali inakula kiasi gani. Polima ina n ya chini ya mbili, kwa hiyo usitarajie 50. Ukipata ongezeko dogo lililo wazi karibu na ukingo mwekundu wa ufyonzaji wake, umefanya kazi nzuri. Mwisho, mifereji ya DVD inaelekea upande mmoja tu. Weka kichujio cha kunyoosha mitetemo ya mwanga mbele ya taa, pima, kisha zungusha sampuli nyuzi 90 na upime tena. Matokeo yanapaswa kubadilika. Yakibaki yale yale, ongezeko lako halitoki kwenye mifereji, na itabidi urudi kupima unene wa polima.